Hajji wa Miguu

Juma lililopita niliingia katika duka moja la Nakasero, miongoni mwa yale ambayo milango yake hufunguliwa na mtu aliyevaa glavu, kwa nia ya kumtafutia binti yangu zawadi. Juu ya meza ya kioo, chini ya taa yake ya pekee, niliikuta jozi ya lugabire: zile sapatu zinazokatwa katika tairi kuukuu la gari, kamba zake za mpira zikiwa zimepigiliwa misumari midogo. Hizi zilikuwa zimepambwa kwa shanga. Muuzaji, kijana mwenye adabu nyingi, aliniarifu kwamba wageni huzipenda sana. Niliinama nikazinusa. Akanitazama kama mtu anayejiuliza iwapo amwite mlinzi. Lakini shanga hazina mamlaka juu ya harufu. Mpira ulikuwa ungali unanuka mpira, joto, na barabara, na kwa pumzi moja nikawa na umri wa miaka saba, nimeketi juu ya ukuta mfupi wa Old Kampala, nikimtazama mtu mzima mwenye malori sita akipiga magoti mbele ya mtoto asiye na kaptula.

Mtu huyo nitamwita Hajji Rajabu. Amekwisha kufariki miaka mingi, na angekuwa hai angenikataza kumwandika, kwa kuwa alikuwa wa kizazi kilichoamini kwamba sadaka ikishatangazwa hugeuka kuwa biashara. Siku hizi tunao wafadhili ambao hawawezi kutoa gunia la unga bila kumtanguliza mpiga picha. Siwahukumu, nasema tu kwamba Hajji hakuwa na picha hata moja, na sisi tuliopita mikononi mwake tunatembea hadi leo.

Ua wake ulikuwa mteremkoni, umbali wa nyumba nne kutoka kwetu, enzi ambazo msikiti mkubwa wa kilimani ulikuwa bado haujakamilika na sisi watoto tulidhani kwamba misikiti yote huanza kwa kuwa magofu. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile: chumvi ilikuwa habari, sukari ilikuwa hadithi, na mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa uzi ili kila mtu apate chake. Katika miaka hiyohiyo, kila Jumamosi asubuhi, Hajji Rajabu alifungua lango lake, akapanga mabenchi matatu na mabeseni matatu, akaweka mche mzima wa sabuni kando ya kila beseni, na watoto wa mlima mzima wakaja kuoshwa miguu.

Ndiyo, miguu. Si kulishwa, si kuvishwa, ingawa mara nyingi hayo yalifuata. Hajji aliwapanga mstari kama kikosi na kuwaamrisha kwa sauti iliyoyafanya madirisha ya nyumba walizoziacha Wahindi yatikisike.

“Mguu pande! Mguu sawa! Wa kwanza, keti!”

Kisha akapiga magoti, yeye mwenyewe, kwa kanzu yake nyeupe, akaosha. Aliuinua mguu wa mtoto hadi karibu na uso wake, akavichanua vidole kimoja kimoja, na kuvichunguza kama mnunuzi anayechambua buni. Palipokuwa na kidonda alipaka dawa ya zambarau. Palipokuwa na funza alimtoa kwa pini aliyoipitisha kwanza katika moto. Mtoto aliyeonekana mzima alikwenda hadi kwenye rundo la matairi yaliyochoka ya malori yake, ambako fundi alimpima unyayo kwa chaki na kumkatia lugabire papo hapo.

“Huu mguu umetoka wapi?” nilimsikia akimuuliza mtoto mmoja.

“Ndeeba, Hajji.”

“Na udongo wote huu? Hukuwaachia watu wa Ndeeba hata kidogo?”

Aliyekuwa akichemsha maji ni Nalongo, mama wa mapacha, mwanamke mnene mwenye moyo laini na ulimi usio na breki, ambaye Kiswahili chake alikijifunzia sokoni. “Banange!” alipiga kelele. “Huyu mutoto iko na envunza saba! Saba! Mama yako hana macho, bambi?” Na watoto wote walicheka, pamoja na mwenye funza saba, ambaye kwa dakika hiyo alijiona mtu mashuhuri.

Mimi niliyaona haya yote kutoka juu ya ukuta, kwa kuwa nilikatazwa kuingia. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Jinja, nami nililelewa na bibi yangu mzaa baba, Bi Zuhura, ambaye babu wa mumewe alikuja kutoka pwani na msafara wa biashara na kuuacha ukoo wetu juu ya kilima hiki pamoja na msahafu mmoja, seti ya vikombe, na kiburi kingi mno kwa nyumba yenye vyumba vitatu. Bibi alimheshimu Hajji kwa ibada yake na malori yake. Magoti yake ndiyo yaliyomshinda.

“Mtu mzima, aliyekwenda Makka, kumpigia mtoto magoti!” alisema kila Jumamosi, akichungulia kupitia pazia ambalo hakutaka kuonekana akichungulia. “Hapa mjini watoto ndio wanaowapigia wakubwa magoti. Kiyama kimo njiani.” Kisha alinigeukia mimi. “Nawe usiende kule. Watoto wa nyumba hii hawapati funza.”

Aliisema sentensi hiyo kama watu wengine wanavyosema kwamba maji hayapandi mlima. Leo najua kwamba ilikuwa ni majivuno ya usafi na hakuna zaidi. Lakini mtoto hayajui majivuno. Anayajua maneno, na huyachukua yalivyo. Nilielewa kwamba jambo hilo lilikuwa katika damu: kwamba kama vile Wahindi wa sinema walivyokuwa na nywele laini, na mapacha wa Nalongo walivyofanana, ndivyo watoto wa nyumba yetu walivyoumbwa bila uwezo wa kuingiwa na funza.

Mnaweza basi kukisia fadhaa yangu siku nilipohisi mwasho pembeni mwa ukucha wa kidole gumba.

Aliyewahi kuwa na funza anajua kwamba mwanzo wake ni utamu. Ni mwasho unaokufanya utabasamu peke yako. Kwa siku mbili nilikikuna kidole hicho kwa furaha, nikidhani ni vumbi la banda la mbuzi la jirani, ambako tulikuwa tukicheza mapishi. Siku ya tatu nilikaa nyuma ya choo, nikakitazama vizuri, nikakiona kile kifuko cheupe chenye nukta nyeusi katikati, sawasawa na vile nilivyokuwa nimeviona kutoka ukutani. Vilikuwa vitatu.

Hitimisho lilikuwa moja tu, nami nililifikia kwa utulivu ambao hadi leo unanishangaza. Watoto wa nyumba hii hawapati funza. Mimi nimepata funza. Basi mimi si mtoto wa nyumba hii.

Kila kitu kililingana. Ndiyo maana wazazi wangu walikaa Jinja. Ndiyo maana pua yangu haikuwa ya Bibi. Nilikwenda kuihakikisha katika kioo chake cha kabati, upande wa kulia na upande wa kushoto. Niliokotwa. Bila shaka Bibi mwenyewe hakujua, la sivyo asingenipa kipande kikubwa cha mkate wa sinia. Na siku atakapojua atanivisha gauni langu la Idi, atanishika mkono, na kunirudisha, kwa upole kabisa, nilikookotwa. Sikumlaumu. Nilichotaka ni kuahirisha tu.

Niliazimia kuficha. Nilivaa soksi na viatu vyangu vyeusi tangu alfajiri hadi kulala, ndani na nje, kwenye jua na kwenye matope. Bibi alifurahi kupita kiasi. “Tazameni,” aliwaambia wageni wake, “huyu sasa amekuwa mstaarabu. Hakanyagi chini hovyo.” Nikatabasamu, na kidole kikapiga ngoma ndani ya kiatu. Chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, nilidai kila siku kwamba nimekwisha kutawadha nyumbani. Yaani, ili nisiuonyeshe mguu, nilikuwa tayari kumdanganya bibi yangu, mwalimu wangu, na Mwenyezi Mungu, kwa mpangilio huo, nikianza na yule niliyemwogopa zaidi.

Nilijaribu kuwatoa funza mwenyewe kwa mwiba. Nikatoa damu tu, na baada ya siku tatu kidole kilikuwa kimevimba na kung’aa kama bilinganya. Nilifikiria kumwendea Hajji kwa siri. Nilikosea kwa kumwomba ushauri Kato, mmoja wa mapacha wa Nalongo, aliyekuwa na miaka kumi na jibu la kila swali.

“Wewe, haujui?” alinong’ona. “Huyo mzee alikuwa kwa vita. Huko Burma. Walikuwa wanakata watu miguu. Jjajja, babu yangu, alikuwa huko, aliona na macho yake.”

“Anaiweka wapi?”

“Si ndani ya ile sanduku yake ya kijani, ile ya risasi? Unafikiri iko na nini, pilau?”

Nililijua sanduku hilo la bati. Hajji alikuwa akilifungua kidogo tu, akachopeka mkono na kulifunga. Kwa kipimo cha macho, niliona kwamba lingeweza kuchukua miguu sita ya watoto, au saba ikipangwa vizuri.

Hali ikawa hiyo hadi alasiri moja Bibi aliponituma dukani kununua kiberiti. Nilikuwa nikiteremka kwa kukanyagia kisigino, nikijitahidi kuonekana kama ninatembea kwa maringo, niliposikia ile sauti ya kutikisa madirisha.

“Kikosi, simama!”

Nilisimama. Hajji Rajabu alikuwa amekaa langoni kwake juu ya kiti cha kamba, na hakunitazama usoni. Sidhani kama aliwahi kuzijua nyuso zetu. Alitutambua kuanzia chini.

“Mjukuu wa Bi Zuhura,” aliiambia miguu yangu. “Huo ndio mwendo wa mtu mwenye kitu kiatuni. Nini?”

“Hakuna, Hajji. Mimi mzima.”

Niliona jambo likipita usoni pake, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na mtu ambaye hakumtarajia. Aliingia ndani, akatoka na lile sanduku la kijani, akanishika mkono na kunipandisha mlima, na mimi nikawa nikihesabu nyumba zilizobaki kabla ya maisha yangu kwisha: tatu, mbili, moja.

“Hodi, Bi Zuhura.”

“Karibu, Hajji, karibu! Kuna heri?”

“Heri. Mtoto anaumwa mguu. Naomba ruhusa niutazame, hapa hapa mbele yako.”

Bibi alijinyoosha. “Utakuwa umejigonga. Wajua, Hajji, watoto wa nyumba hii hawa...”

Hapo ndipo nilipopasuka. Nililia kilio ambacho kilileta majirani dirishani. Nilimshika Bibi kanga kwa mikono miwili na kuyatoa yote kwa pamoja: kwamba ninao, kwamba ni watatu, kwamba najua mimi si wa nyumba hii, kwamba nitakwenda, lakini kwanza aniruhusu nilale pale usiku huo tu, na Hajji asinikate mguu kwa sababu kule nitakakorudishwa sijui kama ni mbali na huenda nikahitaji kutembea.

Bibi alinitazama, kisha akamtazama Hajji, na mdomo wake ukafunguka bila kutoa sauti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulishuhudia.

Hajji aliketi chini, juu ya mkeka. Badala ya kukivua kiatu changu, alikivua chake. Alifungua kamba polepole, akavuta soksi, akaunyoosha mguu wake wa kushoto mbele yangu.

“Hesabu,” alisema.

Nikahesabu huku nikiwa na kwikwi. “Vitatu.”

“Viwili niliviacha Burma.”

“Waliviiba Wajapani?”

“Wajapani? Sikupata hata nafasi ya kusalimiana nao. Nilivipoteza kwa sababu nilivificha.” Aliongea nami, lakini mara kwa mara aliinua macho kwa Bibi. “Tulitembea katika mvua majuma mawili, buti hazivuliwi. Miguu ikaanza kuoza. Tulikuwa na daktari mmoja, mtu mwenye cheo, na kila jioni alipiga magoti kwenye tope mbele ya askari wa kawaida kama sisi na kusema, vueni, nione. Mimi nilikuwa kijana wa ukoo. Kwetu mtu hasemi anaumwa. Nikamwambia, mimi mzima. Mwenzangu wa mkono wa kulia, mtoto wa watu, mdogo kuliko mimi, alikuwa ananitazama mimi ili ajue afanye nini. Akasema naye, mimi mzima.” Akaupangusa unyayo wake kwa kiganja kana kwamba una vumbi. “Mimi nilikatwa vidole viwili. Yeye hakurudi kwao.”

Nimesoma vitabu vingi juu ya fadhila tangu siku hiyo, na vingi kati yake vinatufundisha kwamba wema ni kitu kinachomwagika kutoka katika moyo uliojaa. Sikatai. Lakini wema mwingine, na pengine ule ulio imara zaidi, hutoka katika moyo unaolipa. Hajji hakuwa akiosha miguu ya watoto wa Old Kampala kwa kuwa alikuwa na malori sita. Alikuwa akiyaendesha malori sita ili kila Jumamosi apate kupiga magoti na kumwambia mtoto mwingine, na mwingine tena, neno lile la daktari, ambalo kijana mmoja alilikataa kwa sababu yake. Wakati huo sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mtu mkubwa ameuonyesha mguu wake mbaya sebuleni kwetu na dari haikuanguka.

“Sasa,” alisema, “vua.”

Nikavua. Sitaueleza mguu wenyewe; mnao umri wa kukumbuka yenu. Bibi alishika mdomo. Sanduku la kijani likafunguliwa kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu hadi mwisho wa kifuniko chake, na ndani mlikuwa na pamba, chupa ya spiriti, chupa ya zambarau, pini tano kwenye kizibo, na mfuko wa karatasi wa pipi za mnanaa. Naungama kwamba, pamoja na hofu yangu yote, nilisikitika kidogo.

Hajji akapiga magoti.

“Hajji, tafadhali,” Bibi alisema kwa unyonge, “nikuletee japo stuli.”

“Macho yangu yamezeeka, Bi Zuhura. Nikimtazama kutoka kwenye stuli nitamtoboa paja.”

Bibi alisimama kwa muda, akifunga na kufungua pindo la kanga yake. Kisha akaenda kuleta maji ya moto yeye mwenyewe, akashuka sakafuni kwa kishindo na manung’uniko ya magoti, akakipakata kisigino changu ili kisitikisike. Pini ikapita motoni. Wa kwanza alitoka na nikapiga yowe. Wa pili alitoka na nikamng’ata Bibi bega. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa chanzo cha uvimbe, alichukua muda mrefu, na ilikuwa katika muda huo ambapo Bibi, bila kuinua uso wake, alianza kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya zamani.

“Mimi nilikuwa na umri wako. Tulikuwa tukikaa Makindye, kabla babu yako hajanioa. Mama yangu alinifungia chumbani ili majirani wasijue. Shangazi ndiye aliyenitoa, kwa mwiba wa mchungwa, mlango ukiwa umekomewa.”

Machozi yangu yalikatika katikati ya shavu.

“Wewe, Bibi? Funza?”

“Ndiyo, mimi.”

“Wa kweli?”

“Kwani kuna wa uongo?” Na hapo Hajji akaanza kutikisika mabega kwa kicheko alichokuwa akikizuia kwa ajili ya mkono wake wenye pini.

“Walikuwa wangapi?”

Niliuona ukoo mzima ukipigana ndani ya Bibi, msahafu na vikombe na msafara wa pwani. Kisha kidevu chake kikainuka, na katika macho yake kukawaka kitu ambacho, Mungu amsamehe, kilikuwa majivuno yaleyale, yamehamia tu upande wa pili.

“Kumi na wawili,” alisema. “Mguu mmoja. Na sikutoa hata sauti.”

Wa tatu alikuwa amekwisha kutoka. Hajji alinionyesha juu ya pamba, akapaka dawa ya zambarau, akaanza kuzungusha bandeji. Nilimtazama Bibi, mtu mwenye kumi na wawili, kisha nikakitazama kidole changu, ambacho dakika chache kabla kilikuwa kimenifukuza katika nyumba ile, na sasa kilionekana kitu kidogo mno.

“Hajji,” nikamwambia, nikimsogezea ule mguu wa pili, “hebu tazama na huku. Tazama vizuri. Labda wapo wengine.”